Kuivisha Tumbaku Baada ya Kuvuna: Maelezo kwa Wakulima wa Dodoma na Nyanda za Kati

Wakulima wengi wa nyanda hizi, kuanzia Mpwapwa na Kongwa hata Bahi na Manyoni, wajua sana kuotesha tumbaku. Wajua kutengeneza kitalu, kuhamisha miche mvua zikisha kushika, kupalilia, na kukata vilele ili nguvu ya mche irudi majanini. Kazi hiyo huchukua miezi mitano hivi, nayo ni kazi ya jua kali na mgongo ulioinama. Lakini mara nyingi nimeona kazi yote ya miezi hiyo ikipotea katika siku chache za kwanza baada ya kuvuna, wala mwenye shamba asijue kwamba imepotea, maana majani yake yapo, yamekauka, nayo yananing'inia mbele ya macho yake. Hupata kujua siku ya kuuza. Mnunuzi huchukua jani moja, hulitazama juani, hulinusa, kisha hulirudisha mahali pake. Lina rangi ya kijani. Moshi wake hukwaruza koo na kuuma ulimi. Wala hakuna dawa ya kuliponya.

Sababu yake ni kwamba mkulima yule amekausha tumbaku tu, hakuiivisha. Kukausha ni kuondoa maji. Kuivisha ni kulipa jani nafasi ya kujigeuza kabla maji hayajaisha. Katika nchi zenye unyevu mwingi mambo hayo mawili huenda pamoja bila mtu kuyafikiri. Katika nchi kavu kama hii yetu hayaendi pamoja mpaka mkulima ayalazimishe.

JANI HUISHI BAADA YA KUKATWA

Kila mtu ajua habari za ndizi. Mkungu mbichi ukianikwa juani, ndizi zake hukauka, lakini haziivi kamwe. Ukivundikwa, yaani ukifunikwa mahali pa joto pasipo upepo, huiva na kuwa tamu. Jani la tumbaku ni vivyo hivyo. Likitoka mkononi mwa mvunaji bado li hai, nalo huendelea kupumua. Katika siku zile hula akiba yake lenyewe: wanga uliomo hugeuka sukari, na sukari hiyo nayo hutumika, ile rangi ya kijani huvunjika, na manjano iliyokuwa imefichwa chini yake huonekana, vitu vingine vizito vya jani, vile ambavyo vikiungua hutoa moshi wenye uchungu na harufu ya nywele zilizoungua, huanza kuvunjika pia. Hata uzito wa jani, ukiacha maji, hupungua kidogo. Upungufu huo si hasara, maana ndio alama kwamba kazi imefanyika.

Kazi hiyo yote huhitaji maji ndani ya jani. Jani bichi ni maji kwa sehemu 80 hadi 90 katika kila 100. Maji hayo yakitoka upesi mno, jani hufa kabla ya kugeuka, na chochote kilichokuwamo hubaki humo: wanga, ukijani na uchungu. Ndiyo maana nasema kwamba jani lililokauka likiwa kijani haliponi. Ulirudishie unyevu, ulirundike, ulifukizie moshi, halitarudi kuwa hai lijigeuze tena.

Sasa tufikiri hali ya hewa yetu. Dodoma hupata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Majani huanza kuwa tayari mvua zinapoelekea kukatika, yaani tunavuna wakati ule ule ambapo hewa inaanza kukauka na upepo wa mashariki unaanza kuvuma mchana kutwa. Upepo huo hunywa maji ya jani kama ng'ombe aliyetoka malishoni. Tumbaku ya kuivishwa kwa hewa yataka majuma manne hadi manane bandani. Ikiachwa wazi chini ya mti au juu ya paa la tembe, hapa kwetu huwa kavu kabisa kwa siku chache tu, nayo ni kijani.

Watu wengine huniuliza kwa nini tusitumie moto, kama wafanyavyo wakulima wa Tabora na Urambo katika mabani yao. Tumbaku yao ni ya mvuke, mbegu nyingine na njia nyingine. Huko huanza kwa joto dogo, Sentigredi 35 hadi 40, mpaka jani limegeuka manjano, ndipo huzidisha joto hatua kwa hatua hata 70 na zaidi ili mhimili wa jani ukauke, na kwa siku tano hadi saba kazi imekwisha. Njia hiyo yasimuliwa kwamba iligunduliwa Marekani mwaka 1839, katika jimbo la North Carolina, na mtu mmoja mweusi aliyekuwa mtumwa, jina lake Stephen. Alikuwa akilinda moto wa bani la bwana wake usiku, akasinzia, na moto ukakaribia kuzimika. Akatupia makaa yenye joto kali, na majani yakatoka na rangi ya manjano ing'aayo ambayo haijapata kuonekana. Faida kubwa ilikwenda kwa wenye mashamba, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile. Lakini angalieni: hata katika hadithi hiyo, majani yalikuwa yamekwisha kugeuka manjano kabla ya joto kali kuyakamata. Joto lilikishika kilichokuwa kimekwisha kuiva.

Kwetu mabani ya moto hayafai sana, na neno kubwa ni kuni. Bani hula miti mingi kila msimu. Watu wa Kondoa wakumbuka jinsi ardhi yao ilivyoliwa na makorongo baada ya miti kukatwa na mifugo kuzidi, hata Serikali ikaanzisha Hifadhi Ardhi Dodoma, ijulikanayo kama HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Nchi yenye miti michache kama hii haina haki ya kuichoma kwa ajili ya jani, hali tumbaku ya hewa yaweza kuivishwa bila hata kijiti kimoja.

KUVUNA

Vuneni jani lililokomaa. Jani changa halina akiba ya kujigeuzia, na hata mkilitunza namna gani litabaki na ukijani. Jani lililokomaa hupauka kidogo, huinama ncha yake, huwa nene na la kunata mkononi, na likivutwa chini huvunjika kwa sauti. Anzeni na majani ya chini, mawili au matatu kwa kila mche, kisha rudini baada ya juma moja kwa yale yaliyo juu yake. Msivune shamba zima siku moja kwa kuwa mmepata vibarua.

Msivune majani yakiwa na umande au mvua, na hapa nina sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba majani yaliyoloa yakirundikwa huoza. Ya pili yahusu miili yenu. Tumbaku mbichi ina sumu iitwayo nikotini, nayo huingia mwilini kupitia ngozi, hasa ngozi iliyoloa. Mtu huanza kuona kizunguzungu, hutapika, kichwa humwuma, naye hudhani ni malaria. Vaeni mikono mirefu, oshani mikono kwa sabuni kabla ya kula, wala msiwatume watoto kazi hii. Mwili wa mtoto ni mdogo, na sumu ile ile humlemea zaidi.

Yaliyovunwa yawekwe kivulini mara moja. Jani likipigwa na jua la saa sita kwa muda mfupi tu hubabuka, na mahali palipobabuka hapageuki tena.

BANDA LINALOFAA

Kwa kazi hii watu wetu wanacho tayari kitu ambacho wengine hununua, nacho ni tembe. Kuta zake nene za udongo na paa lake la udongo hulifanya kuwa baridi mchana na vuguvugu usiku, na upepo haupiti. Tembe tupu lisilokaliwa na watu ni banda zuri kuliko vibanda vingi vya mabati nilivyoviona, maana bati mchana hugeuka tanuri. Nasema tembe tupu. Msitundike tumbaku mahali wanapolala watu, wala mahali pa mtama na uwele, kwa kuwa nafaka hushika harufu na mavumbi yake. Ubaya wa tembe ni mmoja: hewa ikituama siku nyingi, ukungu huingia. Kwa hiyo tobolewe madirisha mawili upande wa upepo na mawili upande wa pili, yenye kufungika kwa ubao au kwa gunia zito. Asiye na tembe ajenge banda la fito, alikandike udongo, aliezeke kwa nyasi nene.

Tungeni majani kwa kamba ya katani au muyafunge mawili mawili juu ya fito, mgongo kwa mgongo, ili yasigandamane. Mahali penye mvua nyingi wataalamu huagiza fito zitengane sana. Hapa kwetu zisogezeni, inchi 8 zatosha kati ya fito na fito, maana majani yakikaribiana huhifadhiana unyevu. Ncha za chini ziwe juu ya sakafu kwa futi 3.

SIKU ZA MANJANO

Hapa ndipo mazao hupatikana au hupotea. Kwa siku 10 hivi za kwanza jani yafaa linyauke polepole na kugeuka manjano lote, mpaka kwenye ncha na pembeni, kabla halijaanza kuwa la kahawia. Ikiwa pembe zimekauka na kuchakarika huku katikati bado ni kijani, hewa ni kavu mno, nanyi mna siku moja au mbili tu za kuokoa kilichobaki.

Wengi hukosea saa za kufungua madirisha. Hufungua mchana kwa kuwa wapo, na hufunga usiku kwa kuwa wanalala. Wakati wa ukavu yapasa kufanya kinyume. Hewa ya mchana ni moto, na hewa ya moto ina kiu. Hewa ya usiku imepoa, na hewa iliyopoa hukaribia kushiba maji, ndiyo sababu umande huanguka alfajiri wala si adhuhuri. Basi fungeni banda saa mbili asubuhi, kabla upepo haujaanza. Lifungueni jua likisha kuzama, mliache wazi usiku kucha, maadamu mlango una ulinzi wa mbuzi na wezi.

Mkisha kufunga asubuhi, mwageni maji sakafuni, debe moja au mawili kwa banda la kawaida, mpaka udongo uloe bila kufanya matope. Magunia yaliyolowekwa yatundikwe mbele ya madirisha ya upande wa upepo. Najua maji ni ya shida. Najua akina mama wanayaleta kutoka kisima cha mbali wakati mwingine. Kwa hiyo tumieni maji yaliyokwisha kuoshea vyombo au nguo, sakafu haichagui. Wala msinyunyize jani lenyewe hata kidogo. Tone la maji juu ya jani huacha doa jeusi, na doa ni mlango wa ukungu.

Mtajuaje kwamba unyevu watosha, nanyi hamna chombo cha kupimia? Ingieni bandani saa nane mchana, wakati hewa ya nje ni kavu kabisa, mguse jani. Likilegea mkononi kama kitambaa, ni vema. Likichakarika kama karatasi, ongezeni maji na kuzibeni nyufa. Likiwa na utelezi, au mkisikia harufu ya kitu kinachooza, unyevu umezidi. Hapo fungueni mchana huo huo.

Jambo hili la mwisho hutokea mvua za Aprili zinapochelewa kukatika. Siku hizo geuzeni kanuni: fungueni mchana, fungeni usiku, na tenganisheni fito. Hewa ikiwa nzito siku tatu mfululizo, washeni makaa machache ndani ya shimo dogo katikati ya banda, makaa yaliyoiva yasiyo na moshi, na mtu akae hapo. Mlango na madirisha ya upande mmoja yawe wazi, maana moshi usioonekana wa makaa huua mtu katika nyumba iliyofungwa.

Jani likisha kuwa manjano lote, huingia kahawia lenyewe kwa majuma mawili au matatu, nanyi mwaweza kuliacha likauke kwa uhuru zaidi. Linalobaki ni mhimili, yaani ule mshipa mnene wa katikati. Vunjeni mhimili karibu na kikonyo. Ukipinda bila kuvunjika, au ukitoa maji, jani halijawa tayari hata kama limekauka kote kwingine. Jani moja lenye mhimili mbichi laweza kuozesha rundo zima.

KUVUNDIKA

Wengi huishia hapo na kuuza, nayo ni tumbaku halali. Anayetaka tumbaku ya kiko au ya ugoro iliyo laini kooni hana budi kuivundika. Ngojeni jani lirudishe unyevu kidogo: acheni banda wazi usiku, na alfajiri lishikeni. Likifumbatwa mkononi kisha likaachiliwa, lafaa lifunguke taratibu bila kuvunjika. Mwezi wa Juni na Julai huenda alfajiri peke yake isitoshe. Mwageni maji sakafuni jioni.

Kisha yapangeni juu ya uchaga wa fito ulioinuliwa futi 1, wenye nyasi kavu, vikonyo nje, ncha ndani, mpaka rundo lifike kifuani. Funikeni kwa majamvi, wekeni mawe juu. Baada ya siku chache rundo hupata joto lenyewe. Ingizeni mkono katikati. Joto kama la mwili wa mtu, au kupita kidogo, ni zuri. Likiwa kali hata mkono hauvumilii, bomoeni rundo mara moja, la sivyo litaungua na kuwa jeusi lisilo na nguvu. Kila juma pangeni upya, ya nje yaingie ndani. Mwanzoni mtasikia harufu kali ya zizi la mbuzi. Msiogope, ile ndiyo inayouma ulimi, nayo inatoka. Baada ya majuma manne hadi sita hupungua, na badala yake huja harufu tamu kama ya nyasi kavu. Hapo rundo limekwisha.

Mwaweza kulipima bila kuvuta. Sokoteni kipande cha jani, kiwasheni, kisha pulizeni mwali uzime. Kaa likitembea polepole na kuacha jivu jeupe, tumbaku ni njema. Likizimika mara moja na kuacha jivu jeusi, ama halikuiva, ama shamba lina chumvi. Tumbaku iliyolimwa kando ya mbuga zenye chumvi, kama zilivyo nyingine za upande wa Bahi, haiungui vizuri hata ikiivishwa na malaika. Wauza ugoro huficha tumbaku mbovu kwa kuzidisha magadi. Magadi hufanya nikotini ipenye upesi zaidi, mtu akadhani ugoro ni mzuri, kumbe ni mkali tu.

Na juu ya kuvuta kwenyewe nisinyamaze. Ulaini wa moshi hauondoi madhara yake. Waganga wamethibitisha kwamba tumbaku, ya kuvuta na ya kutafuna pia, huleta saratani, na ile ya kuvuta huharibu mapafu na moyo. Moshi laini huingia ndani zaidi kwa sababu kifua hakiukatai. Waraka huu ni wa mkulima anayeuza zao lake kwa haki, haumshauri mtu kuanza kuvuta, wala kulima tumbaku mahali pa chakula cha nyumba yake.

KUPANGA NA KUUZA

Tengeni majani ya chini, ya kati na ya juu, kisha rangi kwa rangi, na yenye ukijani yawe peke yake. Fungeni vifungu vya majani 15 hadi 20. Msifiche mabovu katikati ya robota: mnunuzi huchoma mkono ndani, na akiyakuta hushusha daraja la robota zima. Anayetaka kuuza kwa makampuni aandikishwe mapema katika chama chake cha msingi, chini ya taratibu za Bodi ya Tumbaku Tanzania, kabla hajasia mbegu, maana kampuni hainunui kwa mtu asiye na mkataba.

Yanayongoja soko yakae juu ya uchaga, mbali na ukuta na sakafu, yamefunikwa kwa jamvi wala si kwa nailoni, maana nailoni hutoa jasho. Fungueni robota moja kila majuma mawili. Mkiona unga mwembamba na vitundu vidogo, yumo mdudu mdogo wa rangi ya kahawia. Toeni robota hilo nje siku hiyo hiyo, mlikung'ute mbali na banda, na yale yaliyotobolewa sana yachomwe moto.